Vidonge Vitano vya Kavimvira

Uvira, Jumatatu, baada ya misa ya asubuhi

Dada Furaha,

Ni mimi Sifa, jirani yako wa mashine. Kiti chako pale hospitalini Bujumbura amepewa mwanamume mmoja asiyependa kuongea. Mashine inasafisha damu yangu saa nne nzima, nami natazama ukuta. Hakuna wa kunichokoza.

Huku mambo yamebadilika. Wanajeshi tuliowazoea wameondoka, wamekuja waasi. Mizinga inalia milimani, na kila tunapokwenda mpakani hatujui kama tutavuka kwenda Bujumbura. Wiki iliyopita nilikosa mashine mara moja, miguu ikajaa maji, nikawa nalala nimekaa. Lakini si hilo ninaloliogopa leo. Kesho wanatoa damu yangu kupima chuma.

Unakumbuka walipopima yako? Muuguzi wetu, Mama Jeanne, alitueleza vizuri. Sisi wa figo damu yetu hupungua kwa njia mbili: ama figo hazitumi tena amri ya kuitengeneza, ama chuma kimekwisha mwilini. Kwa macho huwezi kujua ni ipi, mpaka damu ipimwe laboratwari. Ndiyo maana alitukataza kumeza vidonge vya chuma tangu siku moja kabla, tusije tukaidanganya karatasi ya majibu.

Wewe ulikuwa hujameza kwa wiki nyingi. Vyako vyote ulimtumia mkwe wako mwenye mimba kule Lemera, kwa mikono ya akina mama wanaoshuka na maharagwe kutoka huko. Na tulikuwa tumesikia kwamba asiyefuata dawa anaondolewa kwenye mashine. Nani alisema, sijui. Tuliamini tu. Asubuhi ile, kwenye foleni ya mpakani Kavimvira, ukafungua kitambaa ukameza vitano kwa mara moja. Maji yalikuwa yangu, kikombe kimoja kati ya vile vichache ninavyoruhusiwa kwa siku. Nikakuuliza kama huogopi.

"Weye Sifa, uko mweupe sawa bugari ya muhogo, na unaniuliza miye?" ukasema. "Wacha hiyo damu inisemee."

Tukacheka mpaka afisa wa mpakani akatukaripia.

Karatasi ikasema chuma kipo cha kutosha. Basi wakasimamisha chuma walichokuwa wamepanga kukupa kwa mshipa, wakaongeza ile sindano inayoamuru damu itengenezwe badala ya figo. Ukazidi kupauka. Ulipumzika mara tatu kutoka barabarani hadi mlangoni kwako. Viganja vyako vilikuwa baridi kama samaki mukeke aliyetolewa majini sasa hivi. Daktari akashangaa. Mama Jeanne akanivuta kando: "Sifa, niambie wewe. Furaha anameza dawa vile nilimwambia?"

Nikasema anameza.

Nilisema hivyo, Dada. Siku nne baadaye mpaka ukafungwa, na moyo wako haukungoja ufunguliwe.

Sijui kama ni vile vidonge. Labda ni mpaka. Labda ni vyote. Hakuna aliyenilaumu kwa sababu hakuna anayejua, na hilo ndilo linalonishtua mchana kweupe, nasonga bugari, mwiko unasimama mkononi.

Mkwe wako amejifungua msichana. Wote wawili ni wazima, nimeambiwa.

Sasa ni zamu yangu. Duka la dawa la Mulongwe lilifungwa tangu risasi zianze, na mimi sijameza kitu kwa wiki tano. Jana lilifunguliwa, nikanunua vidonge kumi. Viko mezani hapa, pembeni ya karatasi hii. Mkono umevigusa mara mbili. Namwogopa Mama Jeanne. Naogopa kuondolewa, watoto wangu bado wadogo. Zaidi naogopa kwamba ataniuliza tena, na ulimi wangu utajibu upesi kama siku ile.

Nakuahidi, sitameza leo, wala kesho kabla hawajatoa damu. Nitamwambia nilikosa dawa wiki tano. Kisha nitamwambia kwamba nilimjibu uongo juu yako. Sijui atanitazamaje. Sijui kama nitapata kiti tena. Nitasema hivyo hivyo.

Pumzika, Dada yangu. Huko uliko, ukiwataja watu wako mbele za Mungu, na mimi unikumbuke.

Sifa