Saa Ambayo Haikulala Dukani

8 Septemba 1986

Baba yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima kwenye kigoda chako kirefu, lenzi jichoni, na jirani yako wa vitambaa asiwe anakugombeza kwa kusahau kula. Mimi sijambo. Kazi ya dobi ni ileile: mashuka ya wodi yanakuja kama mlima, tunayafua, tunayapiga pasi, kesho yanarudi mlima.

Sasa weka chini chochote ulichoshika. Jumapili ya tarehe tano Oktoba nitakimbia marathoni. Kilomita arobaini na mbili na kipande. Najua unavyotikisa kichwa, nakuona kabisa.

Baba, mwaka juzi nilipolazwa na mapafu yale, nilishindwa kupanda ngazi kumi na nne za kwenda wodini. Nilizihesabu. Nilibebwa kama shuka chafu. Siku ile niliapa kwamba nikipona nitakwenda kwa miguu yangu mpaka niseme basi mwenyewe. Nimefanya mazoezi miezi kumi. Sikukuambia kwa sababu nakujua.

Nina ombi pia, lakini ngoja kwanza unijibu.

Binti yako,
Sisimizi

*

15 Septemba 1986

Mwanangu Sisimizi,

Marahaba. Mimi ni mzima, nimekula, jirani ni shahidi. Saa kubwa ya ukutani inakusalimu.

Barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara imesema jambo lilelile. Hapana, mwanangu. Mtu aliyelala miezi mitatu akihema kwa mpira puani anakwenda kutafuta nini barabarani? Nani anakufukuza? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na wewe guu hilo unalipeleka lenyewe.

Tembea. Kutembea ni kuzuri. Panda ngazi zako kumi na nne asubuhi na jioni, ushuke, unywe chai.

Usinijibu kwa hasira. Nina hofu, basi. Hofu ya mzazi haina dawa.

Baba yako

*

20 Septemba 1986

Baba,

Shikamoo. Sijakasirika, ila guu langu limesema lenyewe halijavunjika.

Nimekwenda kwa daktari wa kifua, yuleyule aliyenitibu. Amenipima, amenisikiliza mgongo na kifua, akasema naweza kukimbia kwa sharti moja: dakika saba kwa kila kilomita, nisizidishe mwendo hata nikijisikia nina mbawa. Alisema hivi, nakunukuu: "Mapafu yako yana makovu. Polepole yatakufikisha. Ukiyalazimisha, moyo ndio utakaolipa."

Kwa hiyo ombi langu ni saa. Yangu imekufa kwa mvuke wa kufulia. Barabarani kuna kibao kila kilomita. Nikifika kwenye kibao nitaitazama saa, na kama nimekwenda mbio nitajizuia. Watu wengine wanataka saa iwasukume. Mimi nataka inishike shati. Na saa ya kushika roho yangu siinunui kwa mtu mwingine, nataka iliyopita mikononi mwako.

Halafu, Baba, mbona mwandiko wako umekuwa mkubwa hivyo? Na mistari inapanda mlima. Uko sawa?

Sisimizi

*

29 Septemba 1986

Mwanangu,

Marahaba. Mwandiko ni kosa la kalamu, inavuja. Achana nayo.

Nimeshindwa na wewe. Ukiwa na miaka saba nilikuwa nakuwekea saa sikioni, nawe unaniambia, "Hii inakwenda mbele, hii inabaki nyuma," na hukosei. Wateja walikuwa wanacheka. Tangu siku zile sijawahi kukushinda kwa lolote, kwa nini nianze leo?

Nimekufungia saa ya mkono, ya chuma, kioo kikubwa. Nimeitengeneza mwenyewe ndani na nje. Sikiliza vizuri: usiijaze ufunguo mpaka asubuhi ya mbio, mstarini. Springi ni mpya, inataka kupumzika. Ukishaijaza, iamini yenyewe tu. Usisikilize miguu yako, miguu ina uongo, na usiulize saa za watu. Saa ikisema punguza, punguza.

Posta wanafunga mfuko wa barua saa kumi, nakimbia. Ukimaliza niandikie siku hiyohiyo, hata mstari mmoja.

Baba yako

*

TELEGRAMU
4 Oktoba 1986

SAA NILIYOKUTUMIA SI SAHIHI. USIITUMIE MBIONI. KIMBIA POLEPOLE AU USIKIMBIE. BABA

*

4 Oktoba 1986, mchana

Sisimizi,

Sina salamu leo. Nimetoka posta sasa hivi kupeleka telegramu. Karani anasema huenda ikakufikia leo, huenda isikufikie, kwa kuwa ni Jumamosi. Barua hii najua itachelewa. Naiandika kwa sababu sina kazi nyingine ya kuipa mikono.

Nilikudanganya. Ndani ya saa kuna springi nyembamba kama unywele, ndiyo inayoipa mwendo. Iliyo ngumu huipeleka saa mbele, iliyo laini huirudisha nyuma. Nilidhamiria kukuwekea laini. Kilomita yako ya dakika saba na nusu, saa ingesema saba, nawe ungeridhika na mwendo huo bila kujua. Ungefika dakika ishirini baadaye, lakini ungefika. Ndiyo maana nilikuambia usiijaze mapema. Ungeijaza siku moja tu, ungenikamata.

Leo asubuhi mteja karudisha saa yake, inabaki nyuma vibaya sana. Nikafungua. Nikamwita jirani asome kipakiti nilichotolea springi ya mteja, maana mimi niliona ukungu tu. Akasoma: laini. Kipakiti cha pili, nilichotolea ya kwako: ngumu. Nilizibadilisha, yake kwako, yako kwake.

Mwanangu, macho yangu yameharibika tangu mwaka jana. Sikusema. Fundi saa asiyeona nani atampelekea saa? Nimekuwa nikifanya kazi kwa vidole na mazoea. Unajua sheria ya duka hili: kila saa niliyoifungua hulala usiku mmoja kando ya saa ya ukutani kabla ya kutoka. Ya kila mteja nimeilaza. Yako tu na ya huyu, nilizozifungua siku moja, sikuzilaza, kwa haraka ya posta na woga.

Kwa hiyo saa itakuambia umechelewa. Utakwenda mwendo aliokuagiza daktari, nayo itakuambia kaza. Na mimi nimekuandikia uiamini yenyewe tu.

Kuna jambo jingine, na hili mama yako alikufa akinisihi nikuambie. Baba yako mdogo, yule wa kwenye picha juu ya droo ya vioo, hakufa kwa homa. Alikuwa mkimbiaji. Siku ya mashindano nilisimama pembeni ya uwanja, saa mkononi, na kila akipita nilimpigia kelele, "Umechelewa! Kaza!" Alikuwa hajachelewa sana. Sekunde tatu. Nilitaka ashinde. Alianguka mzunguko wa mwisho akiniangalia mimi.

Nimekaa na hilo miaka thelathini na moja. Sasa nimelifunga kwenye mkono wako.

Mungu akuzuie.

Baba

*

11 Oktoba 1986

Mwanangu,

Siku ya sita hii. Hujaandika hata mstari.

Nimepiga simu hospitali mara tatu kutoka posta. Mpokeaji anasema madobi hawaitwi kwenye simu. Nikamwambia, basi angalia tu kama yupo kazini. Akasema sehemu ya kufulia iko mbali, ng'ambo ya uwanja. Mara ya tatu nilimuuliza kama kuna mwanamke aliyeletwa Jumapili kutoka mbioni. Akasema walikuja wengi, akakata.

Duka nimelifunga. Nazisikia saa zote zinagonga na sitaki kuzisikia. Ile ya ukutani tu sijaisimamisha, nimeshindwa.

Kama hutaki kuniandikia kwa hasira, una haki. Nitumie karatasi tupu, nijue mkono uliobandika stempu ni wako.

Baba

*

10 Oktoba 1986

Baba,

Shikamoo. Niko hai. Naanza na hilo, mengine yatafuata.

Telegramu yako niliikuta chini ya mlango Jumanne. Usiku wa kuamkia mbio nililala kwa mwenzangu wa kazini, karibu na mstari wa kuanzia. Ilipofika huku, mimi nilikwishaondoka.

Nakueleza yote. Nilijaza saa mstarini kama ulivyoniagiza. Kilomita za kwanza nilikwenda vizuri, mwendo wangu wa mazoezi, pumzi shwari, hata naongea na mwalimu mmoja mnene aliyekuwa anakimbia akilalamikia viatu vyake. Kibao cha kumi ndipo nilipoitazama saa vizuri, ikasema dakika sabini na tano. Nikashangaa, maana hesabu ilikuwa sabini. Miguu ilisema tuko sawa. Lakini wewe uliniambia miguu ina uongo. Nikamwacha mwalimu.

Nikakaza, nikaona saa imeanza kukubali, dakika saba kwa kilomita. Nikafurahi. Kumbe kila nilipofurahi nilikuwa najiumiza. Kufika cha ishirini na mbili nikaanza kuhema kwa juu. Cha ishirini na sita ile kamba ya wodini ikarudi, Baba, ile inayofungwa chini ya matiti ikavutwa kutoka mgongoni. Naijua. Nilisema si kitu, naendana na saa, siwezi kuumia kwa mwendo alioruhusu daktari. Unaona nilivyokuamini? Mwili wangu mwenyewe uliniambia nakufa, nikautazama mkono, nikasema muongo ni mwili.

Cha ishirini na tisa macho yakaingia giza pembeni. Nikashika meza ya maji. Mzee mmoja wa ndoo akanishika kiwiko, akasema, "Keti, mama, barabara haiendi popote." Nikaketi chini kwenye ukingo. Nikaogopa kama sijawahi kuogopa, hata wodini, kwa sababu wodini palikuwa na watu. Nikakukumbuka. Sijui kwa nini, nikaiweka saa sikioni, kama nilivyokuwa nafanya.

Inakwenda mbele, Baba. Inakwenda mbele sana. Mtoto wa miaka saba angekuambia.

Nikaivua. Nikaitia mfukoni. Nilikaa pale mpaka kifua kikafunguka kidogo, na watu wengi wakanipita, mwalimu mnene mmojawapo, viatu mkononi. Nilipoinuka sikuwa na saa ya kunishika shati, nikatafuta nyingine kichwani. Nikaipata ile ya ukutani. Nimelala chini yake utoto wangu wote. Mlio mmoja, hatua mbili. Mlio mmoja, hatua mbili. Kamba ikivutwa, natembea. Ikilegea, nakimbia. Kilomita kumi na tatu nzima sikuangalia mkono wa mtu.

Nilipofika walikuwa wanaviringisha kamba za pembeni. Hakuna aliyepiga makofi ila mama mmoja aliyekuwa anamsubiri mumewe, akaona avifanyie mazoezi viganja. Mwandishi wa muda akasema nimetumia saa tano na dakika thelathini na moja. Nikamwambia asante, nikaanguka.

Wakanileta hospitali yetu hii hii. Nimelala siku mbili juu ya mashuka niliyoyafua mwenyewe Ijumaa, na moja nililipiga pasi vibaya, nakiri. Daktari wa kifua amenigombeza mpaka sauti ikamwisha. Moyo umechoka lakini haujaharibika. Mbio nimekatazwa mpaka mwaka ugeuke.

Jumanne nimetoka, nikaisoma telegramu. Ningeweza kwenda posta siku ileile. Sikwenda. Nilikuwa na hasira nawe, nikasema acha naye ahesabu siku. Jana barua yako ikafika.

Nimeisoma nimesimama, kisha nimeketi. Hasira bado ninayo, Baba, sitakuficha, maana ya kufichana tumeiona. Ulinidanganya kuhusu saa, ukanidanganya kuhusu macho, ukanidanganya kuhusu baba mdogo. Ungeniambia lile la mwisho peke yake, ningekimbia polepole bila springi yoyote. Lakini nilipofika pale unaposema alianguka akikuangalia wewe, niliweka barua chini, na leo nimeamka naandika. Mimi sikuanguka nikikuangalia. Nilianguka nimeshamaliza.

Hapa hospitali kuna daktari wa macho, hupokea wagonjwa Jumatano. Nimemweleza ukungu wako. Anasema huenda ni mtoto wa jicho, na huondolewa. Nimekuandikisha jina, usinibishie. Wewe mwenyewe ulisema hujawahi kunishinda.

Jumamosi ya tarehe kumi na nane nakuja kukuchukua. Saa naileta. Usiifungue, usiiguse, ilaze tu usiku mmoja kando ya ile ya ukutani kama ya mteja mwingine yeyote, na mimi nitalala chumba cha nyuma. Asubuhi tutaziweka sikioni wote wawili, wewe unishikie moja, mimi nikushikie nyingine, na kila mtu atasema anachosikia.

Binti yako aliyefika,
Sisimizi