Mkono Ulioshika Damu ya Zuhura

Mpendwa mama,

Leo umeme umekatika maabara tangu asubuhi, na wodini kwetu kila muuguzi anauliza swali lile lile: majibu ya damu yatatoka lini? Ndiyo maana nimekukumbuka, nikaona nikuandikie.

Tulipokuwa wadogo ulikuwa na kipimo kimoja tu, kiganja chako. Ulikiweka kwenye paji la uso, ukageuza mkono ukagusa shingo kwa mgongo wake, na jibu likatoka hapo hapo. "Huna homa. Una uvivu. Inuka ukachote maji." Mikono yako ilikuwa ya moto hata wakati wa kipupwe. Ulisema ni ya vitumbua, kwamba jiko limeingia humo na halijui njia ya kutoka.

Zuhura hakuwa chaguo lako. Kaka alikwenda Mitole kununua ufuta, na wewe ulikuwa umeshamposea binti wa mama mdogo. Akarudi na habari za posa nyingine. "Nimemtuma ufuta, kaniletea mkulima," uliwaambia majirani. Ndoa ilifungwa, ulihudhuria, ulikula pilau, na kesho yake ukaanza kumsema. Zaidi ulisema mchuzi wake.

"Mchuzi gani huu, mtu unaona mpaka maua ya sahani?"

"Si ndiyo uzuri wake, mama," alijibu Zuhura. "Hupati tabu ya kutafuta nyama."

Hukucheka. Nilicheka mimi, nikakemewa.

Siku aliyojifungua nilikuwa zamu. Ulikuja na chupa ya uji, na mlangoni ukanieleza kuwa umekuja ili watu wasiseme. Mtoto alikuwa ameshatoka salama. Lakini Zuhura aliendelea kutoka damu, na haikupungua baada ya sindano wala dripu. Nilikuwa nimebonyeza tumbo lake kwa mikono miwili, na mikono hiyo sikuweza kuiondoa.

Daktari alitaka kujua jambo moja: damu yake inaganda? Kama inaganda, angemwingiza chumba cha upasuaji pale pale na kushona palipochanika. Kama haigandi, kumkata au kumshona kungemmaliza, na ingebidi apelekwe Lindi kwa gari la wagonjwa, huku akivuja njia nzima. Sampuli ilikuwa imeshakwenda maabara. Mwenzangu Sista Rehema aliipeleka mwenyewe na kusimama dirishani, maana ndivyo tunavyofanya. Kila karatasi inayokwenda kule imeandikwa HARAKA kwa wino mwekundu, kwa hiyo wino haumshtui mtu tena. Anayeshtua ni muuguzi aliyesimama dirishani bila kusema neno. Ila siku ile hata kusimama hakukusaidia. Umeme ulikuwa umekatika, jenereta imegoma, na mtaalamu alikuwa peke yake, akipima kundi la damu kwa mkono kwenye mwanga wa dirisha.

Kuna kipimo cha kitandani tulichofundishwa chuoni. Unatia damu kidogo kwenye tyubu kavu ya kioo, unaifumbata ngumini ipate joto la mwili, unatulia, kisha unaiinamisha taratibu uone kama imeganda. Watu wengi hukiharibu kwa haraka. Wanachungulia, wanaitikisa, wanainamisha kabla ya wakati, na damu iliyotikiswa inaweza kukudanganya. Daktari aliivuta damu akaitia kwenye tyubu, halafu akatafuta wa kumpa. Yeye alikuwa anahangaika na mshipa wa dripu ya pili. Zuhura mwenyewe alikuwa wa baridi kama samaki wa jana.

"Mpe mama yangu," nilisema. Ulikuwa bado umesimama mlangoni.

Nilisema bila kufikiri. Baadaye nilifikiri. Wewe ulikuwa mtu usiyeweza kukaa kitako bila kukung'uta kitu, kupanga kitu, kumsema mtu. Na ulikuwa umeshatia udhu kwa ajili ya adhuhuri. Uliitazama tyubu.

"Damu ya huyu?"

"Ya huyu, mama. Ifumbate. Usiitikise mpaka nikuambie."

Uliipokea ukaketi kwenye kiti kando ya kitanda, ukaweka ngumi kifuani. Zuhura akafumbua macho akakuona.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nyamaza, usipoteze nguvu."

Adhana ikaita msikitini. Hukuinuka. Nzi alitua kwenye mkono wako akatembea mpaka kiwikoni, hukumfukuza. Katika maisha yangu yote sijakuona umetulia vile, hata kwenye hitima ya baba. Ulisema jambo moja tu, na ulimwambia daktari, si mimi: "Asije akafa huyu. Bado sijamaliza kumsema."

Muda ulipotimia ulifungua ngumi, daktari akachukua tyubu na kuiinamisha. Damu haikusogea. Ilikuwa imeganda. Akasema, "Tunaingia," na Zuhura akasukumwa chumba cha upasuaji. Alishonwa. Kaka na wenzake walitoa damu, akaongezewa. Majibu ya maabara yalifika ameshafumbua macho na anaomba uji. Yalisema vile vile. Uliitazama karatasi ukasema imechoka na safari, ukaenda kunawa mpaka viwikoni na kuswali swala yako iliyochelewa.

Katika shajara yangu siku ile niliandika: "Wifi kajifungua. Maabara hakuna umeme. Mama alileta uji." Sikuona la kuongeza.

Hukumbadilikia Zuhura, au hukutaka tuone. Mchuzi uliendelea kuusema. Lakini ulipougua na kulazwa kwetu, ni yeye uliyemtaka alale nawe, ukidai mimi nina makelele ya kiuguzi. Tulisubiri majibu ya damu yako, nami nikasimama dirishani kama tunavyosimama. Niliporudi bila kitu nilimkuta amekifumbata kiganja chako, na mara hii chako ndicho kilichokuwa cha baridi.

"Umeshika nini muda wote huu?" ulimwuliza.

"Nimeambiwa nisitikise, mama."

Ulicheka. Ndicho kicheko pekee nilichowahi kusikia akikipata kwako.

Majibu yako yalitoka ukiwa umeshaondoka. Niliyasoma kwa sababu ni kazi yangu kuyasoma. Hata yangewahi, nadhani yasingebadili kitu, lakini hilo siwezi kulithibitisha. Zuhura alikuwa miongoni mwa waliokuosha.

Maabara sasa ina mashine mpya, na wanatupigia simu majibu yakitoka, umeme ukiwapo. Usipokuwapo tunarudi kwenye tyubu. Wauguzi wapya huniuliza wampe nani aishike. Nawaambia watafute ndugu mwenye mikono ya moto, na wasimkatae kwa sababu tu anagombana na mgonjwa.

Nimalizie hapa, naitwa wodini. Zuhura anakusalimu. Jana alituletea chakula. Maua ya sahani yote yalionekana. Anasema hataubadilisha mchuzi, kwa sababu ulisema hujamaliza.

Mwanao, kitinda mimba wako