Taa za Harusi ya Muzammil

Batuli mwanangu,

Nimekwenda Marereni kupakia chumvi, nitarudi baada ya laasiri. Samaki yuko jikoni, mfunike vizuri, yule paka hana haya.

~~Na zile taa za ndani ya gari zirudishe zilivyokuwa.~~

Hilo nimelikata. Niliandika kabla ya kwenda msikitini, roho bado ikiniuma. Nilizibandika mwenyewe mbele ya usukani siku ya harusi ya kakako Muzammil, na jana nilipozikuta zimefifia nikasema umeniharibia furaha yangu. Ukaniambia, "Baba, zinang'aa hadi kwenye kioo cha mbele, kukiwa na giza huoni njia." Nikakujibu kwamba naendesha gari tangu hujazaliwa. Nisamehe, mwanangu.

Leo natoka msikitini, kabla hakujapambazuka, mtu mwenye buibui jeusi akavuka barabara na kopo la maziwa. Nilimwona kwa mbali, nikakanyaga breki taratibu. Kwa mwanga ule wa zamani ningeona taa zangu tu. Kile kidude cha milia ulichokiunga kwenye waya kupunguza mwanga wake, sikijui jina, lakini Mwenyezi Mungu aibariki mikono yako.

Alikuwa mama yako. Alifungua mlango, akaketi, akatengeneza mtandio wake, akasema, "Leo ndiyo umekumbuka kunipa lifti?"

Nikamwambia ndiyo.

Ukishasoma, kichane kikaratasi hiki, mama yako asijue kwa nini nilisimama.

Babako