Papa, Mnara wa Luama Haujaanguka

Papa,

Mnara wako wa taa ungali umesimama. Naanza na hilo maana nakujua: hata huko uliko utaulizia mnara kabla ya kuulizia watoto wako.

Tangu tukuzike, wachimba dhahabu wa Salamabila wamefika mpaka ng'ambo ya mto Luama. Siku moja mkubwa wao alipanda hapa kilimani, akazunguka yale matofali ambayo babu zetu waliyabeba kwa vichwa wakati wa wakoloni. Akasema, "Mama, muzungu gani anaweza kujenga taa huku porini bure? Zahabu iko chini ya hii mnara."

Ati dhahabu! Nilicheka mpaka nikakasirika. Nikamweleza kwamba taa iliwekwa kwa sababu ya mawe ya mto, yanayovunja mitumbwi wakati wa ukungu. Hakusikia. Alisema kesho watakuja wote na sururu, wauangushe.

Kesho yake ukungu ulifunika mto. Nikasikia makelele katikati ya maji: ni wao, mtumbwi umejaa, hawaoni ng'ambo, mkondo unawavuta kwenye mawe. Papa, moyo wangu ulisema, waache. Lakini lile neno lako halikuniacha: "Taa haiulizi mutu anatoka wapi." Nikakimbia juu. Nikafuta kioo kwa kitenge changu, nikamimina mafuta ya mawese, nikawasha, nikapaza sauti kama wewe: "Fuateni taa! Mawe iko kuume!"

Walifika wote. Wote, Papa!

Yule mkubwa alipanda kilima amelowa, mikono mitupu. Akaangalia taa, akauliza, "Mutu akivuka salama, kwenu anatoa nini?" Nikamwambia desturi yetu: kikombe cha mawese, kwa ajili ya anayekuja nyuma yake. Siku ya soko alileta bidoni nzima ya mafuta. Sasa wenzake wanasema "taa yetu". Yetu! Ona hao watu wasivyo na haya. Lakini sururu hawajazileta tena, na mimi najivuna mpaka nalia.

Lala salama, Papa. Mungu akurehemu. Maadamu niko hai, kioo hakitashika vumbi na mafuta hayatakauka. Wewe walikuita Papa Taa. Juzi, kutoka kwenye mtumbwi, yule mkubwa alinipungia mkono akaniita Mama Taa. Nikaitika.

Binti yako,
Zaituni