Mkoba Alioupakata Mama

Kwako dada,

Mimi mzima. Cherehani uliyoniachia bado inakata uzi kama ina kisirani. Ile picha yako ya joho nimeigeuzia ukutani. Usinune, soma kwanza.

Jana niliandika kumbukumbu za kikao cha nidhamu hapa chuoni. Binti wa mwaka wa pili amemshtaki profesa yuleyule aliyetufundisha mimi na wewe. Alimwita ofisini kwa kisingizio cha kusahihisha kazi yake, akafunga mlango kwa ufunguo, akamshika. Binti aliyasema yote bila kutetemeka, maana mama yake alikaa ubavuni pake, amepakata mkoba wa mwanawe.

Dada, niliona wivu. Ule mkoba tu! Mimi, siku aliponifanyia hayohayo, nilikuja kwako nikilia, ukaniambia, "Funika kombe mwanaharamu apite." Wewe ukavaa joho. Mimi nikaacha masomo, nikaja kurudi hapa kuwa karani. Miaka yote hii nimekuonea kijicho, sikufichi.

Lakini jana nilikumbuka jambo. Siku ile, kabla sijakusimulia habari za mlango, uliniuliza, "Ufunguo aliutia mfuko gani?"

Ulijuaje, dada?

Mwenyekiti alipouliza kama kuna shahidi mwingine, niliweka kalamu chini nikasimama. Kikao kinaendelea Jumatatu, saa nne asubuhi. Njoo. Mkoba wako nitaupakata mimi.

Ni mimi mdogo wako,
mwenye wivu wake.