Neno Moja Lililomshinda Mama

Jumanne. Jua limewaka tangu asubuhi, upepo hakuna hata wa kutikisa kanga kwenye kamba. Kichwa kinaniuma na moyo umekufa ganzi. Naandika nimekaa kibarazani, mama yuko ndani, kila mtu kivyake. Si kwamba tumegombana.

Asubuhi nilikuwa Kidato cha Pili nafundisha Kiingereza, kazi yangu ya kila siku. Somo la leo lilikuwa neno "own". Neno dogo, utadhani mara moja umelimaliza. Wapi! Nikawaandikia ubaoni na jamaa zake wote. "Have" ni kuwa nacho tu, hata kama umeazima. "Hold" ni cha mkononi. "Keep" ni kukiweka ukakitunza. "Possess" ni zito kidogo, la mahakamani, na ndilo hilo hilo la shetani kumpanda mtu. Hapo darasa zima likachangamka, maana mashetani huku tunawajua. Lakini "own", nikawaambia, ni chako hasa, hata ukiwa umelala, hata ukiwa safarini, mpaka utamke mwenyewe kwamba si chako tena.

Nilijiona mwalimu kweli kweli.

Ndipo nikasikia chensoo, ile mashine ya kukatia miti, ikinguruma upande wa kwetu.

Nieleze kidogo, kwa wewe unayesoma ukiwa mbali. Huku Mafia ardhi ina mwenyewe na mnazi una mwenyewe, na si lazima awe mtu mmoja. Shamba la nyuma ya nyumba yetu hapa Kiegeani ni la kaka Abasi, mtoto wa ami yangu. Minazi iliyomo ni ya mama, aliipanda yeye na marehemu baba kwa ruhusa ya ami. Abasi ameliuza shamba kwa watu wanaotaka kujenga hoteli, na simlaumu, ni lake. Tena aliwaambia vizuri kabisa: minazi ina mwenyewe, nendeni mkamwone mama mkubwa.

Wakaja Jumamosi. Mimi nilikuwa Kilindoni sokoni. Mama akawatandikia mkeka, akamwita mkwezi awaangushie madafu. Msimamizi wao, kijana wa bara mwenye adabu zake, akamwamkia shikamoo, akauliza, "Bibi, minazi hii ni ya nani?"

Mama akamjibu, "Yenu, wanangu. Yenu yote, kunyweni."

Angejibu nini tena? Mtu yeyote wa hapa angejibu hivyo hivyo. Mgeni akimsifu kuku wako, unamwambia kuku wako huyo. Akiuliza nyumba ya nani, ni yake, karibu ndani. Na mgeni naye anajua la kufanya: anashukuru, anakuombea dua, kisha anauliza tena, na tena, na hapo ndipo mazungumzo yenyewe yanapoanza. Kijana wa watu hakujua. Aliuliza mara moja, akajibiwa, akamaliza dafu lake, akaondoka akijua amepewa.

Niliwaachia wanafunzi zoezi nikakimbia, kiatu kimoja kikabaki kwenye mchanga. Nilikuwa nimejiandaa kutukana, wallahi. Kijana akashtuka kuliko mimi. Akasimamisha mashine, akasema, "Mwalimu, nilimuuliza bibi mwenyewe. Akija akaniambia ni yake, nasimamisha leo leo, hata mmoja zaidi sigusi. Lakini aseme yeye, maana aliyenipa ni yeye."

Haki yake.

Neno moja tu lilihitajika. Yangu.

Nikamkuta mama anapeta mchele, na ile sauti alikwisha kuisikia. Nikamwambia twende ukamwambie minazi ni yako. Akanitazama kama vile nimemtukana.

"Mtu kaja kwangu, kakaa mkekani kwangu, nimemwambia yako. Leo nimfuate nimwambie yangu? Nitakuwa mtu gani mimi?"

"Mama, yeye hakujua."

"Mimi najua."

Nikambembeleza. Nikalia, mtu mzima mimi na miwani yangu. Mwisho nikamtajia mnazi wa Mwalami.

Mwalami alikuwa kaka yangu, alifariki kabla hajaanza shule. Alipozaliwa kitovu chake kilizikwa pale shambani na mnazi ukapandwa juu yake, kama tulivyofanyiwa sote. Wangu uliliwa na chonga, dudu lile la minazi, ukafa zamani. Wa Mwalami ulibaki. Nazi zake mama haziuzi. Anaziweka, na kila mwaka anapikia wali wa hitima yake, kisomo cha kumrehemu.

Mama akasita. Nilidhani anainuka. Akauvuta ungo karibu, akaendelea kupeta.

Nilirudi kwa kijana nikasema mimi mwenyewe kwamba minazi ni yetu. Akaniuliza taratibu, "Bibi amesemaje?" Nikamwambia bado anapeta mchele. Alisubiri mpaka watu wakatoka kuswali adhuhuri, huku akitazama mlango wetu. Mama hakutoka. Mashine ikawashwa.

Nina hasira na sijui nimpelekee nani. Abasi hana kosa. Kijana hana kosa. Mama je, jamani, mama nimkasirikie vipi, na hayo ndiyo malezi aliyonilea mimi? Nami ningekuwa nyumbani Jumamosi ile, mkekani pale pale, nadhani ningesema yenu, kunyweni.

Wa Mwalami waliuangusha alasiri. Nilikuwa dirishani. Nilimwona mama nje ameegemea ukuta, amefunika uso kwa upande wa kanga, na sikuthubutu kumsogelea.

Baadaye kijana akaja mlangoni, kofia mkononi, akiomba maji ya kunywa yeye na wenzake. Mama akatoka na ndoo na kata. "Maji yenu, wanangu, kunyweni." Sauti haikutikisika hata kidogo. Wakanywa. Kijana akaweka kibarazani nazi za mnazi ule wa Mwalami, amezifunga pamoja kwa kamba. "Bibi, hizi zako."

"Hapana, mwanangu. Zenu."

Akarudia, "Chukua, bibi, zako." Mama akakataa tena. Akarudia mara ya tatu, na mama akazipokea. Leo ndipo kijana amejifunza kurudia, na leo haitusaidii kitu.

Walipoondoka nilimfuata mama jikoni. Alikuwa amekaa kwenye mbuzi kama anayetaka kukuna, lakini nazi hakuipasua. Ameipakata tu. Akasema kwa sauti ya chini, si kwangu, si kwa mtu yeyote:

"Wangu."

Nikatoka nikaja kukaa hapa.

Kesho wanakuja kumalizia iliyobaki. Kesho hiyo hiyo nitasimama mbele ya Kidato cha Pili kusahihisha zoezi la "own". Niliwaambia kitu ni chako mpaka utamke kwamba si chako tena, nao wameandika hivyo kwenye madaftari yao. Nikawafutie? Na nikifuta, niandike nini mahali pake?