Chupa ya Juisi ya Maembe

Jumanne jioni

Daftari, niwie radhi kwa kimya cha miezi hii. Leo sina mwingine wa kumwambia.

Ndugu yangu Kiplangat bado anapumua kwa mashine hapa hospitalini Kericho, tangu aliponyunyizia nyanya zake dawa ya wadudu. Kitanda cha pili chenye mashine kina mtu wa Chebunyo, naye alilazwa kwa sumu kama hiyo. Mama mmoja aliyetoka kupasuliwa anangoja koridoni mashine mojawapo iachwe.

Daktari aliniuliza, "Mzee, dawa yenyewe inaitwaje? Natibu kwa kubahatisha." Nilimpa chupa ndugu yangu aliyouziwa dawa ndani yake. Imeandikwa juisi ya maembe.

Nikampigia Wesley, mume wa binti yangu, mwenye agroveti, duka la dawa za mimea na mifugo.

"Aki baba, mimi? Mimi siuzi dawa ya kupima, ya kumiminia watu kwa chupa zao. Mzee Kiplangat alinunua huko Mogogosiek."

Akakata simu.

Siku ndugu yangu aliponunua dawa hiyo, nilikuwa naye dukani kwa Wesley. Chupa niliishika mimi mwenyewe, yeye akimimina.

Kesho afisa wa kilimo atakuja kuniuliza ni nani aliyeuza. Wajukuu wangu wanalishwa na duka hilo. Nikishaamua jina nitakalotamka, nitaliandika hapa, liwe la Wesley au la duka lolote la Mogogosiek...